Kadi Moja Ndani ya Kisanduku cha Melden

Bi Irmtraud Lüdecke alikuwa na ugonjwa wa kuandika maneno ya watu. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Ndivyo alivyojieleza mwenyewe. Awe kwenye bucha, kwenye tramu au kwenye foleni ya machungwa, mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika penseli fupi na daftari dogo. Mtu akitamka neno alilokuwa akilitafuta, Bi Irmtraud aligeuka upande kidogo, akaandika sentensi nzima kama ilivyotoka, akaongeza mahali, umri wa msemaji na kazi yake, kisha akaendelea kungoja nyama yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya ghorofa ya tatu mjini Magdeburg, Ujerumani Mashariki, juu ya fundi redio. Tulikuwa tunatunga kamusi ya usemi wa watu wa kwetu, wa pande zote mbili za mto Elbe. Bi Irmtraud alianza kazi hapo mwaka 1952, kwenye herufi A, akiwa msichana wa miaka ishirini na tano aliyejua kupiga chapa na kunyamaza. Mimi nilipoajiriwa, miaka ishirini na minane baadaye, kamusi ilikuwa imefika M. Hakuolewa. Hakuwa na bustani wala paka. Akiulizwa atastaafu lini alijibu, "Kwenye P. R mtapambana nayo wenyewe."

Tulikuwa wanne tu. Mkuu wetu alikuwa Dokta Mewes, mwanachama wa chama tawala, mtu msafi mwenye sauti ya chini. Hatukujua kama alikuwa akipeleka habari zetu mahali, na kwa sababu hatukujua, tuliishi kana kwamba anapeleka. Alikuwepo Bi Wally Schrader, aliyekuwa na mdomo mkali na moyo mwepesi. Alikuwepo Bi Irmtraud. Halafu mimi, Heidrun, niliyetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia na niliyekuwa bado naona haya hata kuomba wembe wa kuchongea penseli.

Kila kitu katika ofisi ile kilisimama juu ya kadi. Sentensi moja, kadi moja. Kadi ilikuwa ushahidi: huyu mtu yupo, alisema hivi, mahali hapa, siku hii. Bila kadi neno halikuingia kwenye kamusi hata kama sote wanne tulilitumia asubuhi ile ile.

Kuanzia Juni mwaka 1981 Bi Irmtraud alikuwa na kitenzi kimoja mezani: melden. Si kitenzi kigeni. Mjerumani hukitumia kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Mtoto akinyoosha kidole darasani, ni melden. Ukihama nyumba ukaenda kujiandikisha polisi, ni melden. Simu ikilia na asiwepo wa kuipokea, mbwa wa mwindaji akibweka kuonyesha amepata mnyama, mchezaji akitandaza karata zake za ushindi, askari akitoa taarifa kwa mkubwa wake, vyote ni hicho hicho. Mume asiye na sauti nyumbani kwake, majirani humcheka kwamba hana cha melden. Na anayesafiri akiahidi kwamba akifika atawajulisha nduguze yuko salama, hutumia hicho hicho pia.

Tabia yake ni ya upole. Leo ni melde, jana ni meldete, jambo likiisha ni gemeldet. Herufi ya katikati haitikisiki. Vipo vitenzi vyetu vingine ambavyo wakati ukibadilika navyo hubadilika tumboni, hata mgeni akakata tamaa. Hiki hapana, kila kitu huongezwa pembeni na moyo wake hubaki ulivyo. Bi Irmtraud alikuwa akisema kwamba kwa kawaida yeye hupenda vitenzi vikorofi, lakini hiki kipole kilimkosesha usingizi zaidi ya vikorofi vyote.

Sababu ilikuwa asili yake. Katika maandishi ya kale kabisa, ya zaidi ya miaka elfu moja, wamonaki, yaani watawa, walitumia neno hili kwa maana ya kuchongea: kumfichua mtu aliyejificha, kumtoa kwa anayemtafuta. Maana za upole zilikuja baadaye. Kwa desturi ya kamusi maana ya kale hutangulia, kwa hiyo Bi Irmtraud aliiweka ya kwanza. Dokta Mewes alipoona rasimu alikuja mezani kwake akabaki amesimama.

"Ndugu Lüdecke, unataka kila raia anayetoa taarifa kwa mamlaka ajione mchongezi?"

"Mimi sitaki kitu, Dokta. Walioandika ni wamonaki."

"Wamonaki hawataitwa kuulizwa. Nitakayeitwa ni mimi."

"Basi waandikie barua huko peponi," Bi Wally alisema bila kuinua kichwa. "Waombe wabadilishe. Stempu nitakupa mimi."

Dokta Mewes hakucheka. Alisema kwamba safari hii, kabla hatujaketi kwenye meza ya Alhamisi, kikao chetu cha kuchagua kadi, atasoma kisanduku kizima cha kadi za melden mwenyewe. "Nakitaka Jumatatu saa sita mchana. Na kiwe kamili, tafadhali, Ndugu Lüdecke. Sitaki kadi za nyongeza baada ya hapo."

Jumapili kabla ya Jumatatu hiyo Bi Irmtraud alikwenda Schönebeck kwa mdogo wake, Rosel. Ilikuwa Septemba, msimu wa keki ya plamu. Mtoto wa Rosel, Henning, alikuwepo. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alifanya kazi kwenye tishari la kubeba ngano mtoni. Kwa miaka minne alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda na tishari hadi Hamburg, upande wa pili wa mpaka, na kwa miaka minne alikuwa amekataliwa. Sasa alikuwa amepewa. Safari ya kwanza ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Rosel aliingia jikoni kupiga krimu. Henning alisogeza kiti.

"Mama mkubwa, nikifika Hamburg sirudi. Nikishatulia nitawajulisha."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza miaka minne."

"Mama yako anajua?"

"Hajui, na asijue. Atalia mbele ya majirani. Wewe hulii."

"Sasa kwa nini unaniambia mimi?"

"Lazima mtu mmoja ajue kwamba sikuzama mtoni."

Rosel alitoka na bakuli la krimu. "Mnanong'ona nini? Mnanisengenya?"

"Tunasema keki yako imekosa sukari," alisema Henning.

"Kwenda zako! Mwenye vipande vitatu tumboni."

Walicheka wote watatu. Kupanga kukimbia nchi kulikuwa jela. Kujua kwamba mtu amepanga, ukakaa kimya, kulikuwa jela pia. Hukuhitaji kufanya chochote, ilitosha umesikia. Aliporudi kwa treni alihesabu siku hadi Jumamosi kwa vidole ndani ya mfuko wa koti.

Na mkono wake, pale pale chini ya meza ya Rosel, ulikuwa umeandika.

Hilo ndilo ambalo watu wasiofanya kazi yetu hawalielewi, hata nikilieleza mara tatu. Hakuamua. Kwa miezi mitatu alikuwa akitafuta mtu hai wa upande wetu wa mto aseme, kwa lafudhi yetu, kwamba akifika atajulisha. Alikuwa na kadi za barua za karne iliyopita, za vitabu vya dini, za ripoti za zimamoto. Hiyo moja alikuwa hana. Sentensi ikapita mbele yake na mkono ukaikamata kama paka. Jumatatu asubuhi aliketi, akafungua daftari, akanakili kadi zote za Jumapili, kumi na moja, huku mawazo yake yakiwa kwenye tishari. Aliandika: Nikifika Hamburg sirudi, nikishatulia nitawajulisha. Schönebeck, mwanamume, miaka 26, baharia wa tishari. Aliandika na tarehe. Saa sita akakabidhi kisanduku, na Dokta Mewes akakifungia kabatini mwake.

Jumanne alipotoka kazini aliwasha jiko la makaa. Kwenye tramu alikuwa amekumbuka kwamba ndani ya daftari kuna mstari ambao haufai kuwepo. Alichana ukurasa ili autie motoni. Ukiwa tayari umekunjwa mkononi, aliona kando ya mstari ule alama ndogo ya vyema, kwa kalamu ya buluu.

Alama hiyo ilikuwa na maana moja tu: imenakiliwa.

Baadaye sana aliniambia kwamba alikaa sakafuni. Si kwamba alianguka. Alikaa tu, mbele ya jiko lililo wazi, na akaanza kusoma alama zile moja moja kutoka juu hadi chini kana kwamba huenda ile moja ni ya kosa. Zilikuwa kumi na moja. Akachoma ukurasa, halafu akachoma daftari zima, halafu akaogopa moshi, akafungua dirisha, halafu akaogopa dirisha lililo wazi, akalifunga.

Jumatano alifika ofisini kabla yetu. Mimi nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa Dokta Mewes na koti bado mwilini.

"Dokta, nakiomba kisanduku kwa dakika tano. Kuna kadi nimekosea tarehe."

"Ipi?"

"Sikumbuki. Nikiiona nitaijua."

"Nimesema sitaki nyongeza."

"Si nyongeza. Ni sahihisho."

"Ndugu Lüdecke, neno limekaa miaka elfu moja, litashindwa kungoja hadi kesho? Sahihisha mezani, mbele ya wenzako. Ndiyo kazi ya meza." Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu, alisema, "Nimeanza kukisoma. Kinavutia. Kinavutia sana kuliko nilivyotarajia."

Bi Irmtraud alirudi mezani kwake. Niliona mikono yake ikipanga penseli kwa urefu. Bi Wally alimrushia pipi. "Vipi, Irma, uso nao umekuwa kadi leo? Mweupe kama karatasi." Bi Irmtraud alisema ni tumbo. Mara mbili siku ile alikuja hadi mezani kwangu, akasimama, akaniangalia, akauliza jambo lisilo na maana kuhusu utepe wa taipureta, akaondoka. Baadaye nilijua kwamba alitaka kuniomba kitu na hakuweza. Kesho yake mimi ndiye ningekuwa msomaji wa kadi. Lakini angeniambia, na mimi ningekuwa nimesikia, na aliyesikia alikuwa tayari mkosaji. Alinikuta na miaka ishirini na minne, akaniacha nilivyo, sijui kitu.

Meza ilikuwa kila Alhamisi saa nne. Kila mtu alikuja na kikombe chake. Kisanduku kiliwekwa katikati, na mwenye umri mdogo kuliko wote alisoma kadi kwa sauti, moja baada ya nyingine, neno kwa neno, na mahali na umri na kazi. Ilikuwa desturi ya tangu mwanzo: mdogo hana kadi zake mwenyewe za kupendelea, kwa hiyo sauti yake haina upande. Wengine walisikiliza. Ukitaka kadi ibaki uliinua kidole. Isiyopata kidole ilirudi nyuma ya kisanduku.

Nilianza na wamonaki. Dokta Mewes hakuinua kidole, wala hakubisha. Nikasoma askari, nikasoma polisi, nikasoma watoto wa shule wa Burg na wawindaji wa Letzlingen. Sauti yangu ilikuwa ndogo na Bi Wally alinikemea, "Paza, mwanangu, hatuko kanisani." Nikapaza. Bi Irmtraud alikuwa ameketi mkabala nami. Hakunywa kahawa yake. Kila nilipochukua kadi mpya macho yake yalishuka kwenye vidole vyangu kabla yangu mimi mwenyewe, na mimi, mjinga, nilidhani ananisikiliza kwa makini kwa sababu nasoma vizuri.

Nikafika kwenye kadi za simu. Nikazimaliza. Nikachukua inayofuata, mwandiko wake Bi Irmtraud, na kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kupaza sauti nilisoma kwa nguvu:

"Nikifika Hamburg sirudi —"

Macho yangu yalikuwa yametangulia mdomo. Yaliona miaka 26. Yaliona baharia wa tishari. Nikanyamaza.

Chini, kwa fundi, redio moja ilikuwa inajaribiwa, ikipaa na kushuka. Bi Wally alikuwa ameinua kikombe na hakukishusha.

"Endelea," alisema Dokta Mewes.

"Mwandiko... hausomeki vizuri, Dokta."

"Mwandiko wa Ndugu Lüdecke husomeka hata gizani. Endelea, Ndugu Heidrun."

Ningeendelea. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Niliogopa mno, na mtu mwenye hofu hufanya anachoambiwa na aliye karibu. Aliyenizuia ni Bi Irmtraud.

"Usisome," alisema. "Hiyo nimeitunga mimi."

Kikombe cha Bi Wally kilifika mezani kwa kishindo.

"Umeitunga?" aliuliza Dokta Mewes.

"Nimeitunga. Hakuna aliyeisema. Nilikosa mfano wa maana hiyo, muda ukanibana, nikaandika wangu."

Labda kwa mtu wa nje hilo ni kosa dogo. Kwetu, mwizi angesalimiwa kabla ya mtu aliyetunga kadi. Kadi moja ya uongo, na nani atakayeamini ya pili? Bi Irmtraud mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo siku yangu ya kwanza, kwa ukali hata nikataka kulia.

Dokta Mewes alinyoosha mkono. Nikampa kadi. Aliisoma polepole.

"Kwa nini Hamburg?"

"Nilitaka isikike hai."

"Mwanamume, miaka ishirini na sita, baharia wa tishari, Schönebeck. Una ndugu Schönebeck?"

"Mdogo wangu."

"Ana mtoto?"

"Anaye."

"Wa kiume?"

"Wa kiume. Miaka ishirini na sita, yuko kwenye matishari." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, kama anasoma kadi. "Umri na kazi nilivichukua kwake, kwa uvivu. Maneno ni yangu. Yule mtoto, Dokta, ukimuuliza saa hukujibu kwa kichwa."

"Kwa hiyo hakusema hivi."

"Hakusema."

"Irma, acha upuuzi," alisema Bi Wally. "Mwambie anapoteza muda wetu. Wewe? Kadi ya kutunga? Wewe ulinirudisha Tangermünde kwa treni kwa sababu nimesahau kumuuliza yule bibi umri wake!"

Bi Irmtraud hakumtazama.

"Ni hii moja tu?" aliuliza Dokta Mewes.

Kama Bi Irmtraud angesema ni hiyo moja, angeulizwa kwa nini, baada ya miaka ishirini na tisa ya usafi, iwe moja tu, na kwa nini iwe hiyo.

"Si hii tu."

"Ngapi?"

"Sikumbuki. Nyingi. Tangu zamani."

"Mungu wangu," alisema Bi Wally, polepole, na akasogeza kiti chake. Kilisogea labda kwa kiasi cha kiganja, lakini tulikisikia sote. Aliamini. Walikuwa wamekula chakula cha mchana pamoja tangu herufi D, na toka siku ile hawakula pamoja tena.

Dokta Mewes alirudisha kadi kisandukuni, mahali pake, akafunga kifuniko. Aliandika mistari michache kwenye karatasi, akampa Bi Irmtraud asaini, na yeye akasaini bila kusoma. "Hili ni jambo la nidhamu ya ofisi," alisema. Alilisema mara mbili. "Ni la ofisi. Litaishia hapa." Meza ikavunjika kabla ya saa sita.

Jumamosi tishari liliondoka. Siku zilizofuata nilikuwa nikiamka na kusikiliza ngazi. Kila aliyepanda kwa viatu vizito alikuwa anakuja kwetu, mpaka apite. Bi Irmtraud alikuwa amehamishiwa meza ya nyuma, kukata karatasi za kadi mpya kwa mashine. Alikata siku nzima. Mkono ule wa mashine ulipokuwa ukishuka nilikuwa nikiruka kila mara, yeye hapana.

Tishari lilirudi likiwa limepungukiwa mtu mmoja. Wanaume wawili wa usalama wa taifa walikuja Jumatatu ya pili. Mmoja alikuwa na mafua na aliomba msamaha kila alipopiga chafya. Walimchukua Bi Irmtraud kwa siku mbili. Walipomrudisha walikaa na Dokta Mewes nyuma ya mlango ambao haukufungwa sawasawa. Kisanduku cha melden kilikuwa juu ya kabati, juu kidogo ya vichwa vyao.

"Anasema mtoto hakumwambia chochote," alisema mwenye mafua.

"Yule mama?" Niliwahi kusikia sauti ya Dokta Mewes ikiwa ya baridi, lakini si kama vile. "Msipoteze muda wenu. Tumemwondoa kazini kwake wiki mbili zilizopita kwa kutunga. Anatunga sentensi za watu. Akisema kijana alimwambia, msimwamini. Akisema hakumwambia, msimwamini. Karatasi ya nidhamu ninayo hapa, na saini yake."

"Tarehe?"

"Alhamisi. Kabla ya safari."

Kisha mwenye mafua akapiga chafya, akaomba msamaha, na viti vikasogezwa.

Hawakurudi. Lakini kosa lililoandikwa lilikuwa na adhabu yake, na Dokta Mewes hakuweza kuipunguza bila mtu kuuliza kwa nini. Kadi zote za Bi Irmtraud, tangu mwaka 1952, zilipaswa kupigwa muhuri mwekundu: HAITEGEMEKI. Zilikuwa zaidi ya elfu kumi na tisa. Kazi hiyo nilipewa mimi. Mletaji wa visanduku alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu ni yeye tu aliyejua kila kimoja kiko rafu gani.

Ilichukua majira yote ya baridi. Alileta, akaweka, akasimama kando huku nikipiga. Wapiga zumari wa arusi za Wanzleben, wanawake wa kung'oa viazi, wavuvi wa mikunga, wafu wengi, watu ambao sauti zao hazikuwepo tena popote duniani isipokuwa pale. Nikawapiga wote muhuri kwamba hawakusema. Mwanzoni nilijaribu kumwomba msamaha. Alisema, "Usiongee ukifanya kazi, utapinda."

Mwezi Februari alileta kisanduku cha melden. Nilikuwa sijakiona tangu siku ile. Kila kadi ilikuwa na namba ndogo ya penseli kwenye kona, mwandiko wa Dokta Mewes. Alikuwa amezihesabu zote siku zile alipokifungia kabatini. Nilipofika kwenye kadi ya Henning niliona namba: 148. Na chini ya neno Hamburg niliona mstari wa penseli hiyo hiyo, mwembamba, ulionyooka, uliopigwa kwa rula.

Alikuwa ameisoma. Kabla ya meza, kabla sijafungua mdomo, alikuwa ameisoma, akaipa namba, akairudisha mahali pake. Naye pia, tangu dakika hiyo, alikuwa mtu aliyejua na hakusema. Sijui kama alikuwa anamngoja Bi Irmtraud mezani ili amnase, au alikuwa amekaa usiku mzima kama yeye akihesabu vidole. Hata alipokuwa mzee, mimi nikiwa na uhuru wa kumuuliza, sikumuuliza.

Nilimwonyesha Bi Irmtraud mstari ule. Aliinama, akautazama, na nikaona rangi ikimtoka usoni vilevile kama Jumatano ile, ingawa miezi mitano ilikuwa imepita na Henning alikuwa salama ng'ambo ya mpaka. Aligeuza kichwa kuelekea mlango wa Dokta Mewes. Ulikuwa wazi. Dokta alikuwa ameketi, amesimamisha kalamu, anatutazama.

Hakuna aliyesogea.

"Piga, Heidrun," alisema Bi Irmtraud kwa sauti ya kawaida, ya kusikika hadi kule. "Usisimame hapo. Ni ya uongo kama zingine."

Nikapiga. Muhuri ulipinda kidogo, ukafunika neno Hamburg na mstari wake. Tulisikia kalamu ya Dokta Mewes ikianza tena kuandika. Bi Irmtraud alinisogezea kadi ya 149.